Kabureta na Hewa ya Mbulu

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama katika mkutano wa Mbulu)



Mmezoea kusikia katika mikutano yetu habari za mishahara, likizo na pensheni, nayo ni mambo yanayotupasa. Leo tumeombwa kusema juu ya chombo kidogo cha chuma kisichozidi ukubwa wa birika la chai, yaani kabureta ya motakaa. Huenda mtu akauliza, Karani na kabureta, wapi na wapi? Jibu si gumu. Wengi wetu tuna magari ya zamani. Mengine yalinunuliwa na baba zetu katika mnada, mengine tumeyanunua sisi wenyewe kwa kuwa gari jipya limepita uwezo wetu. Nayo petroli hulipwa kwa mshahara ule ule unaolipa ada ya watoto.

Tena liko jambo lililo kubwa kuliko fedha. Yeyote akaaye Basotu au Gitting ajua ya kuwa usiku, mgonjwa azidiwapo, mlango unaobishwa ni wa mwenye gari. Gari likikataa kuwaka saa hiyo, au likizima katika mteremko wa Magara, jambo hilo si hasara ya mwenye gari peke yake.

Neno letu ni moja, na yote tutakayosema yatalizunguka hilo: kabureta hurekebishwa mahali gari likaapo, tena hurekebishwa mwisho, baada ya vingine vyote kuwa sawa. Mwenye kulishika neno hili aweza kuifanya kazi hii nyumbani kwake kwa bisibisi, spana chache na subira.

KAZI YA KABURETA

Petroli haiwaki vema ikiwa maji maji. Huwaka ikiwa imechanganyika na hewa. Kipimo kamili cha kuunguza petroli yote ni sehemu 14.7 za hewa kwa sehemu 1 ya petroli, kwa uzito. Injini ikitakiwa kutoa nguvu zake zote hupenda petroli zaidi kidogo, yapata sehemu 12 na nusu au 13 za hewa. Petroli ikizidi mno, moshi huwa mweusi na plagi hushika masizi. Ikipungua mno, injini hupata joto, husitasita, na valvu za kutolea moshi huweza kuungua.

Kabureta hufanya mchanganyiko huo bila akili yoyote. Hewa ivutwapo na pistoni hupita katika koo jembamba. Ipitapo mahali pembamba huenda mbio, na msukumo wake hupungua. Ndipo petroli iliyo katika kikombe pembeni huvutwa kupitia tundu dogo liitwalo jeti, ikanyunyizwa ndani ya hewa ile. Wilhelm Maybach, Mjerumani, aliitumia njia hii ya kunyunyiza mwaka 1893, na ndiyo iliyoendesha motakaa za dunia karibu miaka mia. Magari ya siku hizi yana kompyuta ipimayo hewa na kugawa petroli kwa hesabu. Kabureta haipimi uzito wa hewa. Yenyewe hutii ukubwa wa tundu na mvuto wa hewa tu.

HEWA YA JUU

Hapa ndipo penye jambo linalotuhusu sisi watu wa Mbulu na Hanang kuliko wenzetu wa pwani. Pale Dar es Salaam, meta moja ya hewa kwa marefu, mapana na kimo ina uzito wa karibu kilo 1.2. Hapa kwetu, penye kimo kama meta 1,700 na zaidi juu ya bahari, hewa ya kadiri hiyo hiyo ina uzito wa karibu kilo 1 tu. Injini huvuta ujazo ule ule, lakini ndani yake hewa ni haba. Petroli nayo haipungui kwa kadiri ile ile. Ukifanya hesabu utaona ya kuwa gari lililowekwa sawa pwani, likifika huku, mchanganyiko wake huzidi petroli kwa kadiri ya asilimia 9.

Maana yake ni nini? Mtu atumiaye lita 100 kwa mwezi, hupitisha lita 8 hivi zisizomletea faida. Hutoka katika bomba la moshi zikiwa masizi na harufu. Na si hasara ya fedha tu. Petroli iliyozidi huosha oili katika kuta za silinda, na pistoni husugua chuma kikavu. Kwa hiyo injini huzeeka kabla ya wakati wake, na mwenye gari hudhani ni uzee wa gari.

Yapo pia yasiyoponywa na bisibisi. Kwa kila meta 300 za kupanda, injini ya namna hii hupoteza nguvu kiasi cha asilimia 3, kwa sababu hewa ni haba. Basi mtu akiona gari lake limekuwa zito likipanda kutoka Bonde la Ufa kuja Mbulu, asikimbilie kufungua kabureta. Nguvu zile zimebaki chini pamoja na hewa nzito, naye atazikuta tena ashukapo.

MAMBO YA KUTANGULIA

Makosa mengi yanayotiwa juu ya kabureta si ya kabureta. Liko gari la mwenzetu mmoja katika wilaya hizi lililokuwa likitoa moshi mweusi na kunywa petroli kama ng'ombe anywavyo maji wakati wa kiangazi. Kabureta ilifunguliwa mara tatu na fundi mmoja, na kila mara fedha zililipwa. Mwisho ilionekana ya kuwa waya wa choki ulikuwa umeshika kutu, na kile kibamba cha choki hakikufunguka chote. Tone la oili na dakika kumi ndiyo yaliyokuwa dawa. Kwa hiyo fuateni utaratibu huu, wala msiruke hata hatua moja.

Kwanza, kichujio cha hewa. Vumbi la njia ya Basotu wakati wa kiangazi mnalijua. Land Rover za zamani zina kichujio chenye oili chini yake. Oili hiyo ikigeuka tope, hewa hubanwa na petroli huzidi. Osheni bakuli, tieni oili safi hata alama yake.

Pili, umeme. Toeni plagi, zisugueni, pimeni nafasi kwa fila geji. Kwa Land Rover ya petroli ya lita 2 na robo, nafasi ya plagi ni inchi 0.030, na nafasi ya pointi ndani ya distributa ni inchi 0.014 hata 0.016. Mpangilio wa kuwaka ni 1, 3, 4, 2. Kisha taimingi itazamwe. Mchanganyiko hauwezi kupimwa ikiwa cheche ni mbaya.

Tatu, valvu. Nafasi za valvu zipimwe kama kitabu cha gari kinavyoagiza. Hapa kuna jambo la miaka ya karibuni. Nchi za Afrika Kusini mwa Sahara zilikubaliana Dakar mwaka 2001 kuacha petroli yenye risasi ifikapo mwisho wa 2005. Jambo hilo lilikuwa jema kwa afya za watoto wetu, lakini risasi ile ilikuwa pia ikikinga viti vya valvu katika injini za kale. Viti vikilika, valvu huzama na nafasi hupungua. Mwenye gari la zamani na apime nafasi hizo mara kwa mara kuliko baba yake alivyopima.

Nne, hewa ya wizi. Gaskiti iliyopasuka chini ya kabureta, au mpira uliochanika, huingiza hewa isiyopimwa. Chukueni kipande cha mpira mwembamba, ncha moja sikioni, ncha ya pili ipitisheni penye maungio huku injini inakwenda. Panapovuja husikika mluzi. Jihadharini na pangaboi. Msimwagie petroli ili kujaribu, kama wengine wafanyavyo. Nyumba za watu zimeungua kwa njia hiyo.

Tano, kikombe cha petroli. Boya likitoboka, au sindano yake ikilika, petroli hupanda kupita kiasi, na hakuna skrubu ya nje itakayoponya. Takataka za tangi nazo hukaa chini ya kikombe. Osheni kwa petroli safi na kupuliza kwa pampu ya baiskeli. Msichokoe jeti kwa waya, kwa maana tundu hupanuka, na jeti iliyopanuka hairudi.

KUREKEBISHA SAILENSA

Mambo hayo yakiisha, sasa twaweza kuigusa kabureta. Endesheni gari yapata kilometa 8 hata injini ipate moto wake kamili. Asubuhi za Juni na Julai hapa Mbulu zina baridi, na injini baridi hudanganya. Hutaka petroli nyingi, na mtu akiiweka sawa ikiwa baridi, ataona imezidi ikipata moto.

Simamisheni gari mahali tambarare, nje ya banda, breki ya mkono imevutwa na mawe chini ya magurudumu. Kabureta ya Solex au Zenith, ambazo ndizo nyingi katika Land Rover, ina skrubu mbili za kutazamwa. Moja husukuma mkono wa pedeli ya mafuta; hiyo ni ya mwendo wa injini gari likiwa limesimama, ule ambao mafundi huuita sailensa. Ya pili, yenye springi na ncha kali, ni ya mchanganyiko wa sailensa. Katika kabureta hizi, kuikaza hupunguza petroli, kuilegeza huizidisha.

Injini ikiwa imezimwa, ikazeni skrubu ya mchanganyiko polepole hata iguse, wala msitie nguvu, maana ncha yake huharibika. Kisha ilegezeni mzunguko mmoja na nusu. Washeni. Ikazeni tena robo robo ya mzunguko, mkingoja kidogo kila mara, hata injini ianze kuchechemea. Ilegezeni hata iende laini; endeleeni hata ianze kwenda kama mtu aliyeshiba mno, inapanda na kushuka. Kati ya kuchechemea na kushiba ndipo penye mahali pake. Tafuteni hapo pale injini inapokwenda mbio kuliko pote bila kutetemeka, kisha kazeni kidogo sana. Mwendo ukizidi, punguzeni kwa skrubu ya kwanza, mkarudie ya pili. Rudieni mara mbili au tatu, bila haraka.

Iko alama moja ya kushika sana. Skrubu ya mchanganyiko ikikazwa hata mwisho na injini isijali, ikaendelea kwenda, basi petroli inaingia kwa njia nyingine. Katika Zenith ya Land Rover mara nyingi ni uso wa kifuniko uliopinda kwa joto na kwa kukazwa mno. Dawa yake ni kubandika msasa laini juu ya kioo tambarare na kusugua uso huo kwa mkono mwepesi hata ung'ae mahali pote sawa, kisha kuweka gaskiti mpya na ile pete ndogo ya mpira iliyo ndani.

JETI KUBWA

Wengi huishia penye sailensa, wakadhani kazi imekwisha. La! Skrubu ile hutawala injini gari likiwa limesimama tu. Gari likiwa njiani hutawaliwa na jeti kubwa, nayo haina skrubu, hubadilishwa. Jeti za Solex zimeandikwa namba zilizo vipimo vya tundu kwa sehemu za mia za milimeta: 125 maana yake milimeta 1.25. Mkiibadili 125 kwa 120, eneo la tundu hupungua kwa kadiri ya asilimia 8, na hicho ndicho karibu kile hewa yetu inachotaka.

Je, tutajuaje kama yafaa? Plagi hutuambia. Endesheni gari kwa nguvu katika mlima mrefu, zimeni injini papo hapo bila kuiacha katika sailensa, mkatoe plagi moja. Rangi ya kahawia ni afya. Masizi meusi makavu ni petroli kuzidi. Weupe kama majivu ni petroli kupungua, na hiyo ndiyo hatari kubwa. Rudisheni jeti ya zamani mara moja. Petroli ya siku hizi huacha rangi hafifu, basi tazameni vizuri, katika mwanga wa jua.

Na mwenye safari ya pwani asisahau. Gari lililopunguziwa petroli kwa hewa ya Mbulu, likishuka Dar es Salaam litakuta hewa nzito, na mchanganyiko utakuwa na njaa. Achukue jeti yake ya zamani katika kijaluba, aibadili kabla ya safari. Ndiyo maana tumesema, kabureta hurekebishwa mahali gari likaapo. Fundi wa mji wa chini aliyeiweka vizuri kwake hakukosea. Ila hewa yake si hewa yetu.

MAGARI YENYE KABURETA MBILI

Wachache wana magari yenye kabureta mbili za namna ya SU. Zisidharauliwe. Volvo PV544 ya namna ya Sport ilitoka kiwandani na kabureta mbili kama hizo, na kwa Volvo PV544 Joginder Singh, aliyekuwa fundi wa magari huko Kenya, pamoja na ndugu yake Jaswant, walishinda mbio za Safari mwaka 1965.

Kanuni yake ni kwamba kabureta mbili ni kama ng'ombe wawili wa jembe moja: kwanza wavute sawa, ndipo uwalishe sawa. Legezeni kiungo kinachozifunga pamoja. Tieni ule mpira mwembamba sikioni, sikilizeni mvumo wa hewa katika mdomo wa kila kabureta, mkarekebishe skrubu za mwendo hata mivumo iwe sawa. Kisha inueni pistoni ya kabureta moja kwa kiasi cha inchi 1/32, kama unene wa kucha. Mwendo wa injini ukipanda kidogo kisha ukarudi, mchanganyiko ni sawa. Ukipanda ukakaa juu, petroli imezidi. Ukishuka au injini ikitaka kuzima, petroli ni haba. Nati ya chini yenye pande sita huzungushwa upande mmoja tu kwa mara moja: kuipandisha hupunguza petroli, kuishusha huizidisha. Fanyeni hivyo kwa kila moja, kisha rudini kwa ya kwanza, maana moja ikibadilika huigusa na mwenziwe. Mwisho fungeni kiungo. Wala msisahau oili nyepesi katika kile kisima cha juu ya pistoni, kwa kuwa kikikauka gari husita kila mnapokanyaga mafuta.

HATARI

Bwana Mwenyekiti, hatuwezi kupita bila kusema juu ya uhai. Moshi wa injini una hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, nayo huzidi pale petroli izidipo. Katika banda lililofungwa humwua mtu naye akidhani ni usingizi. Kazi hii ifanyike nje. Sigara ikae mbali, watoto wakae mbali, na ndoo ya mchanga iwe karibu. Tai na mikono mirefu ya mashati, ambayo ni heshima yetu ofisini, ivuliwe kabla ya kuinamia pangaboi.

HOJA YETU

Wahenga walisema, Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Hatusemi kila karani awe fundi, wala hatuwavunjii heshima mafundi wetu, ambao wengi wao walijifunza kazi hii kwa jasho kabla sisi hatujazaliwa. Twasema hili: wazee waliojua kusikiliza injini kwa sikio wanapungua kila mwaka, na vijana wanaoingia katika karakana hujifunza magari ya kompyuta, kwa haki, kwa kuwa ndiyo yaletayo riziki. Ujuzi wa kabureta usipochukuliwa na wenye magari wenyewe, hautakuwa na mahali pa kukaa, na magari yale yatauzwa kwa kilo kama vyuma chakavu ilhali yalihitaji tone la oili katika waya wa choki.

Kwa hiyo twaweka hoja mbele ya mkutano: Chama kinunue fila geji moja, spana ya plagi, mpira wa kusikilizia, na jeti chache za namba zinazotumika kwa magari ya wanachama. Vitu hivyo vikae kwa Katibu na viazimwe kwa kuandikwa katika daftari. Na kila mwanachama atakayerekebisha gari lake aandike humo namba ya jeti, mahali akaapo, na rangi ya plagi aliyoiona. Baada ya mwaka mmoja tutakuwa na kitabu cha hewa yetu wenyewe, kutoka Haydom hata miguuni pa Hanang, ambacho hakuna kiwanda kilichotuandikia.

Maneno yetu yamekwisha. Gari liko nje chini ya mti, boneti wazi, na injini ingali moto. Atakayetaka kujaribu bisibisi na aje kabla halijapoa.